Kamila wa Munanila

Habari hii nimeikalia miaka mingi, maana kila nikiifungua masikio yananiwaka moto, lakini leo mmenibana na mimi nimeshazeeka, haya, chekeni.

Ilikuwa miaka ya sabini, bendi yetu ya Kasulu ina watu watano, mimi napiga tumba, na kwenye santuri yetu ya kwanza nikapewa kipande cha katikati ambapo siimbi, naongea tu, maneno yakikimbizana na mdundo (wajukuu wananiambia hiyo ndiyo hip hop, sisi hatukuwa na jina lake). Tukashuka Kigoma, tukapanda treni mpaka Dar es Salaam kurekodi, na ndani ya studio, taa ya kurekodi imeshawaka na mtu haruhusiwi hata kukohoa, mstari wangu wa mwisho ukanitoka kichwani, nikachomeka ulionijia: "Nakula sishibi, nalala, namuota Kamila, Kamila wa Munanila." Sikuwa namjua Kamila yeyote. Nilitaka jina linalopatana na Munanila, basi.

Redio ikaupiga wimbo ule mpaka tukajiona tunaelea. Asubuhi za ukungu nilikuwa natembea Kasulu taratibu, kila duka sauti yangu inatoka mlangoni, laini, ya mbali, kama ya mtu mwingine ninayemfahamu kidogo, na watu wakiniuliza huyo Kamila ni nani, badala ya kusema kweli nilitabasamu tu (tabasamu hilo ndilo lililoniponza).

Siku santuri zilipofika dukani kwa Mzee Salumu, tumejazana tunasikiliza, akaingia mzee mmoja, kofia mkononi, akasubiri wimbo uishe, akanisalimia kwa Kiha, nikaitika. Akasema anaitwa Bukuru, ametoka Munanila, ana binti anaitwa Kamila, na kijiji kizima Kamila ni huyo mmoja. Mwalimu wa Kibondo aliyemposa ameleta neno kwamba hawezi kuoa msichana anayeotwa redioni. Wala mzee hakufoka.

"Njoo Jumapili baada ya misa, mwanangu," alisema. "Useme mbele ya watu ulimjulia wapi."

Nikaenda, suruali nimeinyoosha kwa pasi ya mkaa, na nikakuta uwanja wa kanisa umefurika, maana habari zilishazagaa kwamba mwanamuziki anakuja. Mwalimu alikuwa amesimama kando na baiskeli yake. Nikaeleza kwamba simjui Kamila, sijawahi kumuona, jina nililiweka kwa sababu lilikaa vizuri kwenye mdundo, watu wakacheka, nami nikaanza kupata nafuu.

Mzee Bukuru akasema, "Kamila, simama akuone."

Akasimama kutoka katikati ya akina mama, ukungu nyuma yake ukiteremka mlimani, na mimi nikasahau nilikuwa nimefika wapi kwenye sentensi. Nilikuwa nafikiri, kumbe yupo.

"Malizia," alisema mzee. "Sema humtaki."

Nikasema simtaki. Waliokuwa nyuma wakalalamika kwamba hawakusikia, ikabidi nirudie kwa nguvu, mimi niliyezoea kusikika mpaka Kigoma, sauti ikakatika katikati kama ya mvulana anayebalehe, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kamila akanijia, akanipa mkono.

"Kwa hiyo hukuwa unaniota," alisema polepole.

"Hapana, dada," nikajibu, baba yake amesimama hatua mbili kutoka pale. Dada!

Mwalimu akaridhika. Wakaoana baada ya mavuno, na bendi iliyoalikwa Kibondo (msianguke vitini) ilikuwa yetu. Wageni wakaudai wimbo ule ule. Tulipofika kipande changu nikainamia tumba, nikafunga mdomo, na ukumbi mzima ukalitaja lile jina kwa niaba yangu, bibi harusi akicheka ndani ya shela.

Tangu siku hiyo sijatia jina la mtu kwenye wimbo. Neno likinipotea, naliacha lipotee, napiga tumba.