Nilisimulia Msiba wa Bi Mwanahawa Ili Tupewe Mkopo

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, nimemwomba mhariri alifiche jina langu, na majina ya wenzangu nimeyabadili. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, sijaoa, nimemaliza kidato cha nne shule ya misheni, na sasa ni karani wa kijiji kimoja cha ujamaa kati ya Kilosa na Mikumi. Watu huniona mpole. Nami nilijiona hivyo hivyo mpaka mwezi uliopita.

Kijijini kwetu tuliungana watu wanne kuanzisha kazi ya asali na nta. Yohana, kijana wa milimani, hupanda miti kurina. Mzee Athumani huchonga mizinga na kumshikia Yohana kamba. Bi Mwanahawa, ambaye ni mjane wa mrina asali, huyeyusha nta na kuichuja. Mimi naandika. Kwetu mrina asali humchagua mshika kamba wake, na akishamchagua hapandi na mwingine, maana uhai wake uko katika mikono ile.

Wajumbe wa mkopo walipotujia mara ya kwanza kutoka Kilosa mjini, nilisimama nikawasomea hesabu za mizinga, madebe na bei. Sauti ilinitetemeka. Mjumbe mmoja, mwanamama wa makamo mwenye miwani, akafunga faili lake.

“Ndugu karani, asali tunaijua,” alisema. “Vikundi vingi vina hesabu safi na vinavunjika kabla ya kurina. Sisi tunakopesha watu. Ninyi ni nani, na kitu gani kimewaweka pamoja? Tutarudi. Siku hiyo mtueleze hilo.”

Tukirudi nyumbani Mzee Athumani alinitania. “Karani, ulisoma kama unayeita majina ya waliofeli.” Tulicheka wote. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akinitania.

Siku chache baadaye nilikuwa na Bi Mwanahawa jikoni kwake, nikimsaidia kukamua nta kwenye kitambaa. Nikamuuliza kwa nini ni yeye aliyemtaka Mzee Athumani kundini, ilhali kijiji kizima kiliona wamekwepana tangu marehemu mumewe aanguke mtini. Sote tulijua tawi lilivunjika. Alikoroga sufuria, kisha akasema.

“Tawi halikuvunjika, mwanangu. Athumani alisinzia, kamba ikamponyoka. Alikuja mwenyewe kuniambia, analia kama mtoto. Nikamwambia yaishie hapa, maana shemeji zangu wakijua hapatakalika. Basi akaacha kamba, akaacha na watu. Nilipomwita kundini sikuwa na haja kubwa na asali. Nilitaka ashike kamba tena.” Akanitazama. “Nimekwambia wewe kwa kuwa nakuhesabu mwanangu.”

Niliitikia kwa adabu. Lakini nilipokuwa natembea kurudi kwangu, tayari nilikuwa napanga maneno.

Wajumbe waliporudi tulikutana darasani, na watu walijaa hadi madirishani. Sikuleta hesabu. Niliwasimulia kamba, usingizi, mwili chini ya mti, na mwanamke aliyemsamehe mwenye kosa akamwita wafanye kazi pamoja. Sikutaja jina la mtu. Nilisema “mjane mmoja” na “mshika kamba mmoja”. Kwa shule yangu yote nilidhani hiyo inatosha, wakati mjane wa mrina asali kijijini kwetu ni mmoja, na mshika kamba huyo alikuwa amekaa benchi la mbele.

Sikutetemeka hata kidogo. Nilifurahia jinsi walivyonyamaza. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Yule mwanamama alivua miwani akafuta macho. “Watu waliopitia hayo wakabaki pamoja hawawezi kugombania debe la asali,” alisema. “Mkopo huu ni wenu. Tutarudi kuweka saini, na siku hiyo nataka kuwaona wote wanne.”

Makofi yalipigwa, kisha yakafifia upande walipokaa shemeji zake Bi Mwanahawa. Mzee Athumani alichukua kofia yake akatoka.

Jioni ile mdogo wa marehemu alienda na panga mlangoni kwa mzee, majirani wakamzuia. Asubuhi Yohana aliamka akakuta mzee amemrudishia kamba, ameitundika kwenye mlango wake. Hajapanda tena. “Ungemwomba mzee ruhusa tu, kaka,” aliniambia. “Angekataa, tungekosa mkopo, tungekuwa bado tuko wanne.”

Nilimwendea Bi Mwanahawa nikapiga magoti. Hakunifukuza. Alisema, “Ulisimulia vizuri. Hata mimi nililia. Halafu nikakumbuka kwamba ni mume wangu.” Akaendelea kupepeta mchele wake.

Kwa Mzee Athumani nilienda pia. Nilisimama uani nikasema, “Shikamoo, mzee.” Alinitazama, hakuitikia. Tangu nizaliwe sijawahi kunyimwa marahaba.

Wajumbe wanarudi wiki ijayo. Mwenyekiti wetu wa kijiji ananishauri nimtafute mzee mwingine, nimvalishe kofia na kumkalisha benchi lile lile. “Wale wa mjini watamkumbuka nani?” anasema. Nikikubali, nitakuwa nimemwondoa Mzee Athumani kwa mara ya pili. Nikiwaambia wajumbe kwamba kundi walilolisifu nimelivunja kwa ulimi wangu siku ile ile walipolisifu, mkopo tutaukosa, na Bi Mwanahawa na Yohana wataumia kwa kosa lisilo lao.

Ndugu zangu, ninyi mliokwisha kuumiza mtu kwa maneno mazuri, nipeni shauri. Niende kwanza kwa wajumbe au nirudi uani kwa mzee? Na nikirudi, nikitoa shikamoo akanyamaza tena, nitamke neno gani? Yote niliyokuwa nayo nilikwisha kuyatumia darasani.