Kunyamaza kwenye Simu

Ninauza mitumba Msamala, hapa Songea, na vifungo vya shati huwa navihesabu mara mbili kabla sijataja bei. Ndiyo maana kijana wa ukoo wetu akitaka kuoa, msemaji ni mimi.

Silaha yangu ni moja: kunyamaza. Nilipokwenda Mpitimbi kumposea binamu, wenyeji walitaja ng'ombe saba. Nikatazama kikombe changu cha chai, nikatulia. Chai ilipopoa, baba wa binti alikohoa mwenyewe akasema, "Basi, watano." Sikuwa nimetamka neno. Mkikaa ana kwa ana, mtu anauona ukimya wako na hajui aupeleke wapi.

Mwaka huu ikawa zamu ya mdogo wangu. Baba wa mchumba wake yuko Namtumbo, na tumbaku yake ilikuwa inakaushwa. Akatutumia ujumbe: hana nafasi ya kukaa na wageni, tuyamalize kwa simu leo leo, maana kuna familia nyingine inapiga hodi. Mdogo wangu hata ugali ulimshinda.

Tukakaa uani, simu tumeiweka juu ya ndoo, sauti tumeifungulia. Mzee akapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'ombe sita."

Hivyo tu. Kwenye simu hakuna hata chai. Nikanyamaza.

"Halo? Halo?" Akakata. Akapiga tena. "Nimesema sita. Umesikia?"

Nikanyamaza, safari hii kwa ustadi zaidi.

"Halo! Huko Songea mnatumia mtandao gani nyie?"

"Kaka, utaniharibia," mdogo wangu akanong'ona. Nikamwashiria atulie.

Mzee aliamini simu imekatika, ila hakubonyeza popote. Tukamsikia akimwambia mkewe, "Wamenipotea tena."

"Wewe ndiye unawatisha na hao sita wako," mama akamjibu. "Si ulisema hata watatu utapokea? Mtoto anampenda yule kijana."

"Watatu nasema ndani ya nyumba. Kwa wageni naanzia sita."

Miaka yote sokoni, hakuna aliyewahi kunipa bei yake ya mwisho bure namna hiyo. Nikajiandaa kusema wawili, ili tukutane kwenye watatu. Mdogo wangu akaniwahi, akainamia ndoo:

"Shikamoo, mama! Tupo, tunawasikia vizuri!"

Kimya. Mtandao ulikuwa mzima, maana jogoo wao alisikika. Mzee alikuwa ameona aibu, na mwenye aibu anaweza kukata simu asipige tena. Nikahesabu pumzi za mdogo wangu, nikazirudia. Uso wa mzee siuoni, kikombe cha kutazama sina. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

"Mzee, sisi tulifikiria wanne."

"Wanne?" akauliza polepole. "Lakini si umesikia..."

"Nimesikia jogoo tu, mzee. Mtandao wa huku unasumbua."

Akacheka mpaka akapaliwa. Nyuma yake mama akapiga kigelegele, kikafuatwa na kingine chembamba, cha mtu ambaye hakutakiwa kuwepo kikaoni. Mdogo wangu akainyakua simu, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Aliyepiga alikuwa mzee, vocha ni yake, kwa hiyo sikuwaharakisha.