Sangala Aliyeshiba Plastiki

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Maneno ni ya bibi yangu, muuza samaki hapa Ujiji. Mimi nimeshika kalamu tu.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado bi arusi, baba yangu aliteremka kutoka Kalinzi kuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Baba ni mtu wa milimani, wa kahawa na maharage; kwake sangala, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, ni sikukuu. Alfajiri ile mume wangu alikuwa amerudi na sangala mmoja, tumbo limetuna. Mawifi wakanichokoza: "Pasua basi, wifi, tuone mayai!"

Nikapasua. Mayai yako wapi? Ulitoka mfuko wa plastiki, umejikunja kama utumbo, umeziba kila njia. Nyama ilikwisha zamani. Samaki mzima ni ngozi na mifupa.

Mama mkwe akamwita mwanawe. "Mifuko ya maandazi mnaitupa wapi mkishakula?"

"Majini, mama. Ziwa ni kubwa."

"Na koo la sangala nalo ni kubwa? Mnawasha karabai dagaa waje, sangala awafuate. Halafu hapohapo penye mwanga mnamtupia plastiki inayong'aa kama dagaa. Atajuaje?"

Akauosha ule mfuko, akauweka kwenye sahani, akamtengea mwanawe pamoja na ugali. "Kula. Ndicho ulichovua." Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Baba tukampikia maharage, yaleyale aliyotuletea. Akala kwa adabu, kisha akasema, "Mkwe wangu, ningejua ziwa limefunga duka, ningebeba na chumvi."

Sasa nyinyi wavuvi wa leo! Mifuko imepigwa marufuku, mnatupa chupa. Karabai mmeacha, mna taa za sola, lakini mkono wa kutupa ni uleule. Nasikia baharini papa nao wanakufa hivyohivyo. Papa wetu sisi ni sangala, na hana ziwa jingine la kukimbilia. Nimesema mpaka koo limekauka. Mnataka niimbe?

Mwanangu, ulichokwenda nacho ziwani rudi nacho. Maandazi yafunge kwenye kitambaa, kama walivyofanya waliokutangulia. Mungu akujalie nyavu nzito, na mgeni wako asije akala alichobeba mwenyewe.

Bibi amemaliza. Ukisoma hapa, tuandikie: huko kwenu, takataka za mtumbwini mnazipeleka wapi? Majibu nitamsomea, polepole hivyohivyo.