Mfereji wa Nne

Kama gego lako lilikwisha kutibiwa na bado likakunyima usingizi, mji mzima wa Oulu ulikuwa na jibu moja: nenda kwa Raili Kantola. Watu walitoka hata miji ya Kemi na Kajaani na shavu limevimba, wakawapita madaktari chungu nzima njiani, mradi wafike kwa huyo mama mfupi mwenye mdomo mkali. Na Raili alikuwa na wimbo mmoja tu. Gego la juu, alisema, lina mizizi mitatu, na daktari mvivu huona mifereji mitatu ya mishipa ndani yake, akaisafisha, akaiziba, akaenda zake kunywa kahawa. Lakini mzizi wa mbele upande wa shavu mara nyingi huficha mfereji wa pili, mwembamba kama unywele. Huo ukiachwa na uchafu wake, maumivu hayaendi popote.

"Jino lako halina kosa," aliwaambia wagonjwa. "Mwenye kosa ni aliyelitazama."

Maneno hayo ni matamu kwa anayeona.

Alipokaribia kustaafu, Raili aliisumbua kliniki ya chuo mpaka ikamkubalia utafiti aliouota maisha yake yote: kujua magego ya watu wa kaskazini yana mfereji huo wa nne kwa wingi gani. Picha zilikuwepo tele, za ile mashine inayozunguka kichwa na kukuwezesha kulikata taya kwenye kompyuta kipande baada ya kipande, kama mkate, bila tone la damu. Wasomaji wa picha walikuwa wawili, yeye na Ilpo Vesterinen, ambaye Raili mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Mtu wa maneno machache, mzito kuondoka alipokaa.

Kazi hiyo ina mila yake. Unazisoma picha zote, unatoa majibu. Wiki zikishapita unazisoma tena zilezile, zimechanganywa, majibu yako ya kwanza yamefichwa. Kisha unalinganishwa na wewe mwenyewe. Usipokubaliana na nafsi yako, nani mwingine akubaliane nawe?

"Mimi nijipinge?" Raili alicheka alipokumbushwa. "Mume wangu alijaribu kunipinga miaka yote, akachoka akahama."

Siku majibu yalipotoka, Ilpo alimkuta kwenye chumba cha kahawa akila andazi la iliki. Yeye alichukua la kwake, akaliacha kwenye sahani.

"Kula bwana, linapoa. Haya, nani kanishinda, mimi au mimi?"

"Yangu yamekaa sawa," Ilpo alisema. "Yako hayakai."

"Hayakai kivipi?"

"Mifereji uliyoiona mara ya kwanza, mara ya pili hukuiona. Na uliyoikana kwanza, baadaye ukaiona. Ni kama umebahatisha, Raili."

"Mmechanganya picha."

"Hatukuchanganya. Nimekagua."

"Basi hiyo kompyuta yenu imelewa."

"Raili..."

"Usiniite Raili Raili kama unabembeleza mtoto! Nimekushika mkono kukufundisha kuingiza sindano kwenye jino, leo wewe ndiye wa kunipima macho?"

Ilpo hakuwa ametaja macho. Raili alilisikia neno hilo likimtoka mwenyewe, na alijua Ilpo naye amelisikia. Ilpo akageuka kutazama theluji iliyokuwa inayeyuka kwenye maegesho.

Ukweli ni kwamba alikuwa anajua, kwa jinsi mtu anavyojua jambo asilotaka kulijua. Mistari ya gazeti ilikuwa imeanza kuvunjika katikati. Alibadilisha taa, akabadilisha miwani, akailaumu hadubini ya kliniki hata ikapelekwa kwa fundi, ikarudi nzima, akailaumu tena. Nyani haoni kundule. Mama huyu aliyewasema madaktari wote wa kaskazini kwa kutokuona, wasiwasi wake mwenyewe aliuita uchovu.

Daktari wa macho alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha Raili kuliko ukali.

"Katikati ya jicho la kulia pamekufa," alimwambia. "La kushoto nalo limeshaanza. Hutakuwa kwenye giza kabisa, lakini vitu vidogo vitakupotea."

"Dawa yake?"

"Kwa aina hii, kilichokwenda hakirudi. Pole sana."

"Imeanza lini?"

"Kwa hakika siwezi kusema. Miaka miwili, labda zaidi. Inakuja polepole, na jicho moja linamfichia mwenzake."

Daktari aliendelea kusema, habari za gari kwamba asiendeshe tena, habari za kazi. Raili hakuzisikia. Alikuwa amekwama kwenye miaka miwili, kwa sababu ya mdogo wake, Tauno.

Tauno alikuwa dereva wa malori ya magogo tangu ujana. Majira ya baridi ya mwaka juzi alimjia dada yake na gego la juu linalomchoma, Raili akalisafisha mwenyewe, akaliziba. Maumivu yakabaki. Raili akaagiza picha, akaitazama, akasema jino ni safi, hakuna kilichosahauliwa. Na kwa kuwa Raili Kantola amesema, hakuna aliyetazama tena. Nani angetazama baada yake? Tauno akapelekwa kwa madaktari wa mishipa ya fahamu, akapewa vidonge, vidonge vikamsinzisha kwenye usukani, lori likaingia mtaroni. Akaondolewa barabarani. Aliomba ang'olewe jino, dada yake akakataa katakata: "Niharibu jino zima kwa ajili ya wasiwasi wako? Jino la pembe si dawa ya pengo." Mwisho, siku moja amechoka, alimwambia, "Tauno, maumivu yako yako kichwani mwako."

Tangu siku ile Tauno hakulalamika tena. Kila Jumapili alikuja, akala supu ya samaki kwa upande mmoja wa mdomo, akashukuru, akaenda. Raili alidhani amepona.

Kutoka kwa daktari wa macho alikwenda moja kwa moja hadi kwa Ilpo, hata koti hakuvua.

"Nifungulie picha ya Tauno."

"Ya mdogo wako? Hiyo haimo kwenye utafiti."

"Sikukuuliza imo wapi. Fungua, uniambie kilichomo. Na usinihurumie."

Ilpo alifungua, akaanza kulikata taya lile kidogo kidogo kuelekea chini. Raili alikaa nyuma yake. Mtu huyu ambaye kanisani aliingia kwa mazishi tu, alianza kuomba. Mungu, asione kitu. Huyu Tauno na awe mgonjwa wa akili, mimi niwe nilisema kweli. Aliirudia mara ya pili kabla hajaelewa anachokiomba, na alipoelewa, alitamani ardhi impasukie.

"Upo," Ilpo alisema.

"Una hakika?"

"Upo, Raili. Haujaguswa. Wala haukujificha sana."

 Kisha Ilpo, ambaye hakuwahi kusema uongo wa maana maishani mwake, akamtafutia mwalimu wake mlango wa kutokea. "Tunaweza kumwambia utafiti ndio umeuonyesha. Kwamba picha za zamani zimesomwa upya. Si lazima ajue zaidi ya hapo."

Raili alipaswa kukataa palepale. Hakukataa. Alisema, "Mpigie simu wewe."

Tauno aligoma. Ilpo hakumweza, ikabidi Raili mwenyewe aishike simu.

"Mwingine hanigusi," Tauno alisema. "Wote waliniona mjinga. Wewe angalau ulinieleza ukweli usoni."

"Nitakaa pembeni yako. Ilpo ana mikono mizuri kuliko mimi."

"Uongo huo. Tangu lini?"

"Njoo tu, Tauno. Nakuomba."

Hakuwahi kumwomba kitu tangu utotoni, na pengine ndiyo maana Tauno alikuja. Raili alikaa kwenye kiti cha msaidizi, akasikiliza. Sauti ya mashine aliijua kuliko sauti ya watoto wake. Alijua ilipofika kwenye sakafu ya jino, pale mizizi inapoanzia, na alijua iliponyamaza kwa nini imenyamaza. Sindano ya Ilpo ilizama mahali ambapo yeye aliapa hapana kitu.

Siku chache baadaye Tauno alibisha hodi nyumbani kwa dada yake, na si Jumapili. Alisimama jikoni na viatu vyake vyenye theluji, jambo ambalo mtu mwenye akili asingelifanya katika nyumba ya Raili.

"Limenyamaza," alisema. "Jana nimelala mpaka asubuhi. Nimetafuna mkate mweusi, Raili, kwa upande huu. Huu hapa!"

"Vizuri."

"Kwa hiyo nilikuwa naumwa kweli."

"Ulikuwa unaumwa kweli."

"Sikuwa chizi." Sauti ilimkatika. "Unajua mimi nilishakubali? Nilishajiambia, Tauno, wewe akili zimekuruka, tulia tu, usiwasumbue watu. Nilikuwa nimeshakubali, dada." Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mwanamume mzima, maji ya theluji yakitiririka sakafuni. "Wote walinikatia tamaa. Wewe ukaendelea kutafuta mpaka ukaupata."

Raili alimtazama. Alitaka kuuona uso ule wenye furaha, lakini kila alipouelekea, katikati palikuwa na doa la kijivu na masikio mawili. Akageuza kichwa taratibu kuelekea dirishani, na hapo, kwa pembe ya jicho, mdomo wa mdogo wake ukatokea, umefunguka, unacheka.

"Mbona unatazama dirishani? Nakushukuru hapa, wewe unatazama miti. Hebu niangalie."

"Nakuangalia," Raili alisema, bila kurudisha kichwa. "Hivi ndivyo ninavyokuona sasa. Kaa chini, Tauno. Nilikuwa hivihivi siku niliyoisoma picha yako, na sikutaka mtu anisaidie kuisoma."

Kwenye pembe ya jicho lake kile kicheko kiliendelea kidogo, kama mtu ambaye hajaelewa, kisha kikafifia. Raili alingoja kusikia kiti kikivutwa. Tauno hakukaa.