Pini ya Bibi yenye Waya wa Baharini

Harufu ya majivu na limao ikinipata, hata leo, namwona Bibi mzaa baba kwenye kigoda uani kwetu Soweto, Mbeya, akisugua pini yake ya kifuani. Ilikuwa ya shaba, ndogo kama kifungo cha koti. Katikati yake kilipachikwa kipande chembamba cha waya mnene, nyuzi zake za ndani zikionekana zote.

Alipewa Mufindi, kwenye mashamba ya chai, na mama wa Kizungu ambaye Bibi alimlelea watoto. Aliambiwa ni mabaki ya waya wa kwanza kutandazwa chini ya bahari kuu kupeleka telegramu. Waya wenyewe ulifanya kazi siku chache, ukafa. Mabaki wakayakatakata, wakatengeneza mapambo.

Kwa miaka mingi pini ilikaa sandukuni. Kisha baba yangu mdogo, Tito, akapanda treni kwenda Zambia kutafuta maisha. Alipiga mara moja kwenye simu ya jirani, akasema, "Mama, nimefika." Baada ya hapo, kimya cha miaka. Bibi akaanza kuivaa kila siku, hata shambani.

Msinicheke, nilikuwa darasa la pili. Niliamini anangoja Tito aongee humo. Kwa hiyo baba mkubwa alipoitisha kikao cha ukoo, niliiokota pini kwenye majivu nikainong'oneza, "Baba mdogo, rudi, wanataka kukufanyia msiba."

Bibi alikuwa nyuma yangu. Hakucheka.

"Kimekatwa hicho, mwanangu. Hakipeleki neno."

Akaifuta, akaivaa, akaingia kikaoni.

"Mama, tumsomee misa, tumalize," baba mkubwa alisema. "Na hiyo pini uivue. Kule jumuiya wanasema ni hirizi."

"Misa someni, na mimi nitakuja. Pini sivui."

"Sasa ya nini, Mama?"

"Sivui."

Walimbembeleza mpaka chai ikapoa. Hakuvua. Mimi nilimkasirikia sana: kama amekubali Tito amekufa, anavaa ya nini?

Nimeelewa ukubwani, nikiwa na mwanangu aliye mbali. Waliouvaa ule waya walijua umekufa. Waliuvaa kwa sababu uliwahi kufikisha neno. Bibi naye alifikishiwa neno moja, na hakukubali mtu alivue kifuani pake. Tulimzika kwao Iringa, pini ikiwa palepale: Mama, nimefika.