Tawi Kwenye Njia Panda

Juzi mwenzangu wa chumba alinikokota hadi kwenye jumba la maduka lililo karibu na kwetu, Al Nahda, huku ughaibuni, akanunue viatu vya kupandia mlima. Rafiki yangu, ningejua nakwenda kuona nini, ningebaki kitandani nikitazama dari.

Duka zima wameligeuza msitu. Miti ya plastiki, uyoga wa plastiki, na ukungu unaotemwa na mashine kila mteja akikaribia. Katikati pana mkanda wa mazoezi: unatembea mbele ya skrini huku feni ikikupuliza, eti upepo wa mlimani. Mwenzangu alipanda, akashika fimbo mbili kama mgonjwa anayejifunza kutembea upya.

"Njoo bwana, wacha kununa! Wikendi tuko milimani Hatta, utanishukuru."

Sikumsikia vizuri. Mianzi ile kwenye skrini niliijua. Mwamba ule, mfano wa ng'ombe aliyelala, niliujua. Ilikuwa njia ya nyanya yangu. Na sauti laini ya mwanamume ikatutangazia kwamba njia hii ndefu ya milimani imegunduliwa majuzi tu, haijawahi kukanyagwa. Haijakanyagwa! Labda nyanya alikuwa akipaa.

Kule nyumbani sisi tuliishi upande wa chai. Dada yake nyanya, mtu pekee aliyebaki wa tumbo lao, aliolewa upande wa viazi, ng'ambo ya milima. Kila likizo ya Agosti tulivuka kwenda kumwona. Nyanya alitangulia na kiondo, kikapu chake cha kusukwa, mgongoni, ndani yake mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda uliofungwa majani ya mgomba. Mimi nikafuata na chupa ya chai. Mbega walinguruma juu yetu kama pikipiki zinazokataa kuwaka. Mianzi ilisuguana, ardhi ikanuka majani yaliyooza na mvua.

Mama alibaki nyuma kupimisha majani ya chai, akatufuata baadaye peke yake. Kwa hiyo kila njia ilipogawanyika, nyanya alivunja tawi bichi akalilaza kukatiza njia tusiyoifuata. Kwetu hata mtoto alijua maana yake: hatukupita huku, nawe usipite.

Mwaka mmoja ukungu ulishuka mzito hata sikuona mikono yangu. Tulifika, lakini viazi vilivyotoka jivuni sikuvigusa. Nilisimama mlangoni nikimngoja mama.

"Kwani mama yako hana macho?" dada yake nyanya alinitania. "Kaa ule."

Nyanya alifungua chupa ya chai. Alimmiminia mama chai, akakiweka kikombe mahali pake. Kilikuwa bado kinafuka mvuke mama alipoingia, nguo zimelowa chapachapa.

"Tawi la pale mtoni mmeweka dogo sana," alilalamika. "Mbuzi angelila, nami ningeliwa na fisi."

Wale dada wawili walicheka mpaka wakashikana mabega.

Leo njia hiyo ina geti, mlinzi na waya wa umeme. Mwaka jana dada yake nyanya alipofariki, mlinzi alimwambia nyanya angoje kibali. Mama alinisimulia kwa simu: walizunguka kwa barabara kuu, wakalikuta kaburi limeshafukiwa. Nyanya aliporudi alikitundika kiondo ukutani, na hajakigusa tena. Huko msituni wamepigilia mishale ya chuma yenye rangi, kwa ajili ya watu waliovaa mshahara wangu miguuni, ambao hawangelitambua tawi hata likiwachoma jicho.

Mwenzangu alishuka kwenye mkanda akihema. "Aki hiyo njia ni kali! Nikienda home lazima niifanye."

 Tawi moja la plastiki lilikuwa limechomoka kwenye mti wake. Nililiokota, nikalilaza kukatiza mlango wa duka.

"Dada, umeangusha kitu," muuzaji, kijana Mganda, aliniambia kwa adabu.

"Sijaangusha. Nimeweka."

Alitabasamu kama mtu asiyetaka ugomvi na mteja. Kabla hajainama kuliokota, wateja wawili walikuwa wameshaliruka, wakaingia.