Mstari Uliokatwa kwenye Wasifu wa Mzee Yoeli

Bado sijakubali. Jana tumemzika Mzee Yoeli, miezi mitatu kabla hajastaafu, na leo koridoni nimegeuka nikidhani ni yeye.

Nina hasira. Wasifu uliosomwa msibani niliuchapa mimi.

Kwa wasiomjua: alikuwa mpiga piano wa jazz. Zamani shirika letu lilikuwa na bendi, na mwanamuziki aliajiriwa kwa nafasi yoyote iliyo wazi. Yeye aliandikwa mhudumu wa ofisi. Asubuhi anasaini, mchana mazoezi, Jumamosi ukumbi unajaa.

Mageuzi yakaja, mashirika yakabana matumizi, bendi ikavunjwa. Wenzake walioandikwa wasanii walipunguzwa wote. Yeye akaambiwa, "Wewe si mhudumu? Haya, hudumu." Akabeba mafaili zaidi ya miaka ishirini.

Piano ilikosa mnunuzi, ikatupwa stoo ya masjala. Siku yangu ya kwanza kazini niliweka boksi juu yake.

"Wewe mjukuu! Huyo unayempandia mgongoni ni senior wako. Mwamkie!"

Nikaiambia piano shikamoo. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Lunch time alinipigia hiyo piano. Vibonyezo sita vilikuwa vimekufa. Alivikwepa kama mtu anayejua mashimo ya njia ya kwao.

Kwa hiyo kwenye wasifu niliandika: "Alikuwa mpiga piano wa bendi ya shirika." Bosi wangu wa utawala akaukata mstari kwa kalamu nyekundu.

"Hii haimo kwenye faili."

"Lakini bosi, piano si ipo hapo stoo?"

"Binti, mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi ujao."

Nikachapa upya.

Msibani nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu, bosi aliposoma "mhudumu mtiifu", mjane aliniinamia: "Mwanangu, huyo wanayemsoma ni nani?"

Nikajifanya natafuta kalamu kwenye mkoba. Jamani! Mama wa watu ananiuliza, mimi natafuta kalamu!

Post hii nimeifuta mara nne. Bosi, najua uko humu na unasoma. Faili lile lilimwachia kazi, likamnyima jina, na sisi wawili tukalipigia muhuri mbele ya jeneza lake.

Mstari uliokata ni huu, na nimeuandika kwa jina langu kamili:

Yoeli alikuwa mpiga piano.

Nisamehe, Babu. Ulistahili kuusikia ukisomwa kabla hawajakufukia. Lala sasa, mzee wangu.